Mahali Pakavu

Mabati ya mama yangu niliyachagua mwenyewe. Tangu nilipoacha shule nilikuwa nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la Harshad, mjini Nyeri, na muda wote huo nilikuwa nawapakilia watu wengine mapaa yao. Siku ile ilikuwa zamu yetu. Nilipitisha kiganja juu ya kila bati, nikalirudisha lililojikunja pembeni, nikalirudisha lenye doa, mpaka Harshad akatoka nyuma ya kaunta akasimama kunitazama, mikono kiunoni.

"Theuri, leo unachagua bati ama unachagua bibi?"

"Vyote viwili, Bwana Harshad."

Akacheka. "Basi chukua haya ya chini, hayajaguswa na mtu. Bati likivuja, nirudishie. Bibi usinirudishie."

Alidhani natania. Hakujua kwamba mwezi uliopita nilikuwa nimesimama sebuleni kwa Mzee Gicheru, baba yake Wacera, kofia mkononi, juu ya zulia ambalo viatu vyangu viliona haya kulikanyaga. Mzee alikuwa na malori na shamba la kahawa na nyumba ya vigae vyekundu kilimani, inayoutazama mji mzima. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema nami kwa upole, kama daktari na mgonjwa.

"Kijana, sina neno na wewe. Lakini mimi nililala chini ya nyasi mpaka nikaota ndevu. Najua ni nini huanguka kutoka juu. Siwezi kumrudisha mtoto wangu huko. Siku utakuwa na paa, lete wazee wako, nitawakaribisha."

Wacera sikumwambia neno hilo. Ningeanzaje? Nimwambie msichana ninayempenda kwamba mimi na mabati tumewekwa kwenye mizani moja? Nilinyamaza, nikasubiri zamu.

Huko kwetu, kijijini Wamagana, akina mama wana kikundi chao. Kila mmoja huleta kidogo anachopata kwa kuchuma kahawa ya watu na kuuza mboga, na kila mavuno humnunulia mmoja wao mabati. Siku hiyo hufunga vitambaa vyeupe kichwani, na kuyabeba mabati kutoka barabarani wakiimba, mpaka kwenye ua wa mwenye zamu. Kisha zamu huenda kwa mwingine, na mwingine, na hairudi kwako mpaka wote wamekwisha. Zamu hii ilikuwa ya mama. Nilitaka Wacera aje jioni akute paa linang'aa, na Jumapili wazee wangu wapande kilima kwa Gicheru. Likizo yake ilikuwa inakwisha. Asipochumbiwa, baba yake angemrudisha masomoni Denmark.

Lori lilipoondoka na mabati niliomba ruhusa, nikalifuata kwa basi.

Niliwatangulia akina mama kufika nyumbani. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka milima ya Nyandarua, mazito, rangi ya jivu. Niliondoa nguzo za lango ili mabati yapite bila kukwaruzwa. Nikasimama kando kama askari wa gwaride. Nikasikia nyimbo, nikaona vitambaa vyeupe vinateremka njiani, na mabati yanayumba migongoni mwao yakinasa mwanga kidogo uliobaki.

Wakanipita.

Magdaline, jirani yetu, alikuwa mbele, analia na kucheka kwa pamoja. Wakapinda, wakaingia kwenye ua wake, wakapiga vigelegele. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa na bati mgongoni, ukanda umemkaza kwenye paji la uso, na alikuwa anaimba kama wenzake.

"Maitu," nikamwita. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Lango letu ni hili."

"Naliona. Nipishe, mtoto wangu, bati ni zito."

Nilimpisha. Ningefanya nini?

Baadaye alirudi nyumbani kuchukua maharagwe ya kupeleka kwenye sherehe. Nilikuwa nimeketi karibu na moto, sijavua hata koti.

"Nilimpa Magdaline zamu yangu," akasema kabla sijamuuliza. "Yuko na watoto wadogo."

"Alikuwa na watoto wadogo jana na juzi. Kwa nini, Maitu?"

Akainama, akapuliza moto. Moshi ukampiga usoni, akakohoa kile kikohozi chake kirefu ambacho mimi nilikua nikidhani ni namna mama wote wanavyopumua.

"Ni Wacera," akasema.

"Wacera amefanyaje?"

"Alikuja siku moja ukiwa kazini. Akakaa hapo. Akatazama juu, akasema, 'Mama, nyumba yako ni nzuri. Tafadhali usiibadilishe. Nikija hapa nataka kuikuta hivi hivi.'" Mama akanitazama. "Nikija hapa. Theuri, mimi sikusoma lakini si mjinga. Msichana akisema nikija hapa, anasema nini?"

"Alikuwa anaongea tu."

"Watu kama hao hawaongei tu. Baba yake akisema lori lisimame, linasimama. Sasa mtoto wake aniombe kitu kimoja, kitu cha kungoja tu, nikatae? Halafu akuache, uwe unanitazama kila siku ukisema moyoni ni mimi nilikuharibia?"

"Na kifua chako?"

"Nimekohoa tangu kabla hujazaliwa."

"Na maji? Tungekuwa na pipa hapo chini ya paa, Maitu. Usingeshuka tena mtoni."

"Mto haujahama," akasema, na akachukua maharagwe yake.

Tulisikia gari la Wacera kabla mama hajafika mlangoni. Mama akajipangusa mikono, akachukua kigoda, akakiweka pale anapokiweka siku zote mgeni huyu akija, mkono wa kushoto wa nguzo ya katikati, akakifuta kwa kanga.

Wacera aliingia ameinama, kwa sababu mlango wetu ni mfupi, na alipoinua uso moyo wangu ulisahau hasira kwa dakika moja nzima. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na macho yanayokusikiliza. Alikuwa amevaa akala, vile viatu vya mpira wa tairi ambavyo kwetu huvaliwa na mtu asiye na vingine, na kiondo begani, na ndani ya kiondo mkate na sukari ya mama.

"Kaa hapo, mtoto," mama akamwambia. "Mimi narudi kwa Magdaline. Theuri atakupa chai."

Akatoka. Tukabaki sisi na moto. Kutoka ng'ambo ya ua zilikuja nyundo, moja, kisha nyingi, na akina mama wakiitikia kila bati linapofika juu.

"Wasikie," Wacera akasema. "Tangu nirudi, kila wiki nyumba nyingine inafunikwa bati. Jua likitoka ukiwa kule barabarani, bonde lote linakuumiza macho. Namshukuru Mungu hii imebaki."

"Imebaki," nikasema.

Nilipenda kumsikiliza akiongea hivi. Aliwahi kunisimulia habari za wenzake huko Denmark, wanafunzi walioacha vyumba vyenye stima wakahamia shamba la zamani, wakakata nyaya kwa mikono yao, wakawa wanapika kwa kuni na kujifumia sweta. Walisema dunia inachoka, watu wanataka vitu vingi mno. Nilimwamini. Hata sasa siwezi kusema ni uongo. Lakini siku ile, na nyundo zile masikioni, nilifikiri jinsi mtu mwenye nyaya za kukata anavyosifiwa kwa kuzikata, na mama yangu ambaye hajawahi kuwa na waya hata mmoja hakuna aliyewahi kumsifu.

"Mbona umekunja uso?" akaniuliza.

"Mabati yale ni ya mama."

"Ati nini?"

"Leo ilikuwa zamu yake. Alimpa Magdaline kwa sababu wewe ulimwomba asibadilishe nyumba."

Mkono wake ukasimama juu ya kiondo. "Hakuniambia ni zamu yake."

"Hangekuambia."

"Theuri, nilisema tu naipenda. Kupenda kitu ni makosa?"

"Unaipenda kwa sababu jioni unarudi kwa baba."

"Ni nani hunirudisha? Si wewe? Kila ikifika saa kumi na mbili unanisindikiza mpaka kwenye gari kama mzigo wa watu. Mimi nilikuambia nataka kuishi hivi. Hapa. Na wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nizeeke."

"Mama amezeekea hapa. Muulize kama alichagua."

"Usinifanye mgeni."

"Umekaa wapi?"

"Nimekaa kwenye kigoda. Swali gani hilo?"

"Kila ukija unakaa hapo hapo. Unajua kwa nini?" Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuijali. "Ni mahali pakavu. Pengine pote panavuja. Siku ile ya mvua kubwa mama aliweka sufuria juu ya kitanda chake, na ulipouliza akakuambia anakinga maji ya chai. Ukacheka. Ukasema hata sisi huko Denmark tulikuwa tunakinga maji ya mvua. Nyasi za kuezekea hatuzipati tena, Wacera. Malisho yote sasa yana mwenyewe na ua. Kuziba tundu moja mama hutembea mpaka pembeni mwa msitu na kurudi na mzigo."

Akatazama juu polepole, kwenye ile nyasi nyeusi ya masizi, kama mtu anayetazama uso wa rafiki aliyemficha jambo. Nilidhani atalia. Sikumjua vizuri. Wacera alikuwa mtoto wa Gicheru.

"Nyumba yetu ya manyasi," akasema.

"Acha."

"Nyumba yetu ya manyasi, moshi wake wanukia,
Hatuna haja fanusi, nyota zatuangazia,
Bati lina wasiwasi, kwa kelele hulilia,
Njoo kwetu kwenye nyasi, moyo upate tulia."

Alilisoma shairi lote kwa kichwa, bila kukosea. Ni mimi niliyelitunga, peke yangu, kwa kufuata mashairi niliyoyasikia kwenye redio ya dukani, nikipiga mizani kwa vidole juu ya kaunta mpaka Harshad akadhani nina homa. Ndilo lililomleta Wacera kwetu mara ya kwanza.

"Mimi nilikulia chini ya vigae," akasema. "Nyasi nilikuwa nazijua wapi? Ni wewe uliniambia. Nilirudi kutoka Denmark nikidhani nimeacha watu wangu huko, nikakupata wewe, nikasema huyu hapa ni mtu ambaye hahitaji kukata waya. Sasa unaniambia ulikuwa unanidanganya?"

"Lilikuwa shairi."

"Na pale ulipoandika unanipenda? Hilo pia lilikuwa shairi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa na vina.

Nje nyundo zilikuwa zimetulia. Akina mama walikuwa wanabishana kwa kicheko kuhusu bati lililowekwa juu chini. Wacera alishusha pumzi, akanyoosha mkono, akanishika kidole kimoja tu, kile kidogo, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa tukitembea barabarani na hatutaki watu waone.

"Basi tusigombane. Nimekosa na nitatengeneza. Nitamwambia baba. Kesho lori litaleta mabati hapa, na pipa, na fundi. Mama hatangoja zamu."

Nikautoa mkono wangu.

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Baba yako hawezi kuezeka nyumba ambayo alisema hatawapokea wazee wangu mpaka iezekwe."

Kuni ilipasuka motoni.

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, zulia, kofia, upole wa mzee. Wacera alisimama polepole kutoka kwenye kigoda.

"Mwezi mzima umekaa na neno hilo. Mimi naketi hapa nasifu nyasi, na wewe unanitazama, unajua kwamba bati ndilo litakalotuoza. Mbona hukuniambia? Ningejua, Theuri, ningeyabeba mimi mwenyewe, kwa kichwa changu, kutoka Nyeri."

"Nilitaka nilipate mwenyewe."

"Halikuwa lako. Lilikuwa la akina mama." Akachukua kiondo chake, akatoa mkate na sukari, akaviweka kwenye kigoda. "Na hili ninalotaka kuleta, umemuuliza Mama kama hataki?"

"Namjua mama yangu."

"Hata mimi nilidhani namjua."

Alipofika mlangoni alisimama, mgongo kwangu.

"Nitakaa ndani ya gari, pale juu. Nikikaa hapa tutasema mabaya zaidi. Ukitaka twende kwa baba leo, sasa hivi, kama tulivyo, bila paa na bila wazee, njoo. Nitasimama mbele yake na wewe. Usipokuja nitajua. Jumapili nitapanda ndege."

Akainama, akatoka.

Nilimwona akipanda ile njia ya kwetu, akiteleza kidogo na zile akala zake, bila kugeuka. Alipofika juu akaingia ndani ya gari la baba yake. Halikuondoka. Kutoka mlangoni niliweza kuona ubavu wake mweupe kati ya miti ya kahawa, na kivuli cha kichwa chake kwenye kioo.

Mtu asiyenijua atauliza, si ungepanda tu? Njia ile nilikuwa naipanda na debe la maziwa begani tangu utotoni. Lakini nilijiona tayari sebuleni kwa Gicheru, juu ya zulia, mikono mitupu, Wacera akinitetea kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikajiambia, yeye ndiye aliyekosa, ashuke yeye. Nikajiambia, akishuka hata hatua moja nitakimbia. Nilisimama na kumtazama, na najua naye alikuwa akinitazama, na kati yetu hapakuwa na kitu ila miti ya kahawa na njia ya udongo mwekundu.

Mvua ikaanza. Matone makubwa, machache, ya kupima. Kisha nikasikia mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia kutoka upande ule wa ua, mlio wa mvua juu ya bati la Magdaline, na akina mama wote wakapiga kelele ya furaha kwa pamoja.

Mama alikuja akikimbia, sufuria mikononi, kitambaa cheupe kimelowa.

"Tazama," akasema. "Bado hawajafunga hata mfereji. Tumekinga tu kwenye pembe, na imejaa. Maji safi kabisa, Theuri. Onja." Kisha akaona kigoda, na mkate juu yake. "Msichana yuko wapi?"

"Juu. Kwenye gari."

"Mbona yuko kwenye gari na mimi nimeleta maji ya chai?"

Nikamweleza, kwa maneno machache. Nilipofika kwenye lori la kesho, mama aliiweka sufuria chini kwa uangalifu, ili lisimwagike tone.

"Ukamwambia nini?"

"Nilikataa."

"Ulikataa," akasema. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Tone la kwanza lilipenya nyasi likamwangukia begani, na hakusogea. "Mnanipenda sana, nyinyi watoto. Yeye alinipenda nikakosa bati mchana, na wewe umenipenda nikakosa lingine jioni. Siku moja, mkipata nafasi, mniulize kama nimechoka."

"Maitu…"

"Mbona bado umesimama hapo? Nenda kamwambie chai iko tayari."

Nilikimbia. Sikuinama vya kutosha mlangoni, nikajigonga, nikaendelea. Udongo ulikuwa umeanza kuteleza, nikashika miti ya kahawa kujivuta, matawi yakanimwagia maji usoni. Nilikuwa nimefika katikati ya kilima niliposikia injini. Nikaita jina lake. Sijui kama mvua ile, na mabati yale, na nyimbo zile, ziliacha nafasi ya jina la mtu. Niliita tena. Taa nyekundu zikawaka juu yangu, zikasogea nyuma ya miti, zikapinda kuelekea Nyeri.

Nilipofika barabarani gari halikuwapo tena.

Lakini mahali liliposimama palikuwa bado pakavu. Barabara yote ilikuwa imeiva kwa maji, nyekundu na kung'aa, na katikati yake kilibaki kipande cha vumbi, upana wa gari na urefu wa gari, ambacho Wacera alikuwa amekizibia mvua muda wote ule alioningojea. Nikaingia ndani ya kipande hicho, nikasimama. Nyuma yangu bondeni akina mama walikuwa wanaimba chini ya paa la Magdaline. Matone yakaanza kutoboa vumbi, moja karibu na kiatu changu, jingine mbele kidogo, nami sikuondoka mpaka pote palipolowa na sikuweza tena kujua gari lilikuwa limeishia wapi.